Zamu ya Usiku Lacor

Saa 11 alfajiri ndiyo saa inayowavunja watu wodini. Mwili umekwisha, macho yanawaka, zamu ya asubuhi haijafika, na mgonjwa aliyehangaika usiku kucha anaanza kulegea. Saa kama hiyo, alfajiri moja ya Novemba 2000, katika wodi ya kutenga wagonjwa ya Hospitali ya Mtakatifu Maria Lacor, nje kidogo ya mji wa Gulu kaskazini mwa Uganda, mgonjwa mmoja alijivua barakoa ya oksijeni, akashuka kitandani, akaanza kutembea huku damu ikimtoka puani na kwenye fizi. Alikuwa akikohoa, na kila alipokohoa damu iliruka.

Aliitwa Simon Ajok. Alikuwa muuguzi wa hospitali ileile, na maradhi yale aliyapata akihudumia wagonjwa.

Muuguzi wa zamu alimwona, akaelewa mara moja kwamba akimsogelea peke yake huenda naye akalazwa humo wiki inayofuata. Hakukimbia. Alienda kumwamsha mganga mfawidhi, Dk. Matthew Lukwiya, aliyekuwa akiishi ndani ya eneo la hospitali. Yaliyotokea katika muda ule mfupi kabla ya jua kuchomoza yamesimuliwa mara nyingi, na mara nyingi husimuliwa kama habari ya daktari. Ni haki yake. Lakini mimi nataka kuwakumbuka wenye zamu.

Wiki sita nyuma, Jumamosi Oktoba 7, asubuhi, Lukwiya alikuwa Kampala. Alikuwa masomoni Makerere akichukua shahada ya uzamili ya afya ya jamii, kazi ya Lacor akiwa amemwachia mwenzake. Simu ikaja kutoka Gulu: wanafunzi wawili wa uuguzi wamekufa kwa ugonjwa usiojulikana. Aliacha vitabu akapanda gari. Jioni alikuwa Lacor, na usiku huohuo alimwona mwanafunzi mwingine akiwa katika hali ileile.

Hapo ndipo ilipofanyika kazi ambayo haipigwi picha. Yeye na Sista Maria Di Santo, msimamizi mkuu wa wauguzi, walikaa na mafaili. Faili la mgonjwa kwa sehemu kubwa ni mwandiko wa nesi: joto la saa 12 asubuhi, joto la saa 8 mchana, katapika mara ngapi, choo kikoje, dripu imeingia au imegoma, damu imeonekana wapi. Mistari hiyo iliandikwa na watu waliochoka, wengine wakiwa wanafunzi, wasijue kwamba ndiyo itakayosema kwanza. Mafaili ya wagonjwa 17 waliokufa yalisema jambo moja: homa kali, kutapika, kuhara, kisha kwa baadhi yao kutokwa damu. Lukwiya akachukua mwongozo wa Shirika la Afya Duniani kuhusu homa za virusi zinazosababisha kutokwa damu, akalinganisha. Kisha akapiga simu moja kwa moja wizarani Kampala, kwa Dk. Sam Okware, bila kungoja barua ipande ngazi kwa ngazi.

Maabara ya Afrika Kusini ilipothibitisha katikati ya Oktoba kwamba ni Ebola, ya aina inayoitwa ya Sudan, wodi ya kutenga ilikuwa imeshafunguliwa na wauguzi waliojitolea walikuwa tayari ndani. Watu wengi huamini kwamba janga hutambuliwa na mashine. Gulu, mashine ilikuja kuthibitisha kile ambacho kalamu za wauguzi zilikuwa zimeshakiandika.

Ndani ya wodi ile saa zilikwenda kwa kipimo kingine. Muuguzi wa zamu ya usiku alianza kazi mlangoni, kwa kuvaa. Buti za mpira kwanza. Gauni. Glovu za ndani. Aproni ya plastiki. Kofia, barakoa, miwani ya kinga. Glovu za nje juu ya zile za ndani. Mtu akishavaa hivyo, jasho huanza kumtiririka kabla hajamfikia mgonjwa wa kwanza, miwani hufanya ukungu, na mikono ndani ya glovu mbili hupoteza ule wepesi wa kutafuta mshipa. Sindano yenyewe imegeuka silaha: chomo moja la bahati mbaya linatosha. Kwa hiyo kila alichofanya muuguzi alikifanya taratibu, katika nguo ambazo mwili wote unamwambia azivue haraka.

Mlangoni palikuwa na maji ya dawa. Klorini ya dukani, ile ya kufulia nguo nyeupe, kipimo 1 kwa vipimo 9 vya maji: hayo ni makali, ya kumwagia damu, matapishi, buti na maiti. Ukichukua maji hayo makali, ukayazimua tena 1 kwa 9, unapata ya kunawia mikono. Hesabu hiyo ndogo, isiyohitaji umeme wala ndege, ndiyo iliyokuwa ukuta. Na kuvua ni hatari kuliko kuvaa, maana sasa nje ya nguo ndiko kwenye sumu. Unanawa juu ya glovu, unavua cha nje, unanawa tena, unavua kinachofuata, unanawa tena. Mtu aliyesimama kwa saa nane nzima anatakiwa kuwa makini kuliko wakati wote katika dakika zile ambazo akili imeshafika nyumbani.

Katikati ya kuvaa na kuvua kuna kazi yenyewe. Kumnywesha mtu maji ya chumvi na sukari kijiko kwa kijiko na kuyaona yakirudi. Kubadilisha shuka. Kumgeuza. Kusikiliza kwikwi, kwa sababu katika ugonjwa huu kwikwi ikianza na isikatike, aliyezoea anajua inaashiria nini. Kumfunika aliyekufa na kwenda kitanda kinachofuata, ambako aliyelala amejionea yote. Dawa ya kuua virusi haikuwapo. Chanjo haikuwapo. Kilichokuwapo ni maji, dripu, dawa za kutuliza na mtu wa kukaa karibu.

Dunia inapenda kusimulia kisa cha Nome, mji wa Alaska uliozingirwa na barafu, Januari 1925. Dondakoo iliwavamia watoto, meli haziwezi kupita, ndege haziruki. Muuguzi Emily Morgan alitembea nyumba kwa nyumba akitazama makoo ya watoto, huku waendeshaji 20 wa sleji za mbwa wakipokezana dawa kwenye theluji, kilomita zaidi ya 1,000 kwa siku tano na nusu, hadi ikafika Februari 2. Ni kisa kizuri na Morgan anastahili kila neno aliloandikiwa. Lakini yeye alikuwa na kitu cha kusubiri. Kulikuwa na chupa njiani, na kila saa iliyopita iliileta karibu. Wauguzi wa Lacor hawakuwa na chupa njiani. Waliingia zamu wakijua kwamba saa zikipita hazileti chochote ila asubuhi, na jioni warudi tena.

Mazingira ya nje ya geti nayo yalikuwa magumu. Kaskazini mwa Uganda palikuwa na vita kwa zaidi ya miaka 10. Wakulima walikuwa wameswagwa kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, vibanda vimebanana, na usiku watu kwa maelfu waliwahi kulala kwenye viwanja vya Lacor kuwakwepa waasi. Na desturi ya mazishi ya Waacholi, wenyeji wa huko, ilikuwa na jambo lake: mwili wa marehemu huoshwa na shangazi, na waombolezaji hunawa kwenye beseni moja ishara ya umoja. Heshima hiyo ya mwisho ilibeba ugonjwa kutoka boma hadi boma. Wengine walisema basi Waacholi ndio tatizo. Si kweli, na ni dhuluma kusema hivyo. Wazee wa Kiacholi walikuwa na utaratibu wao wa tangu enzi kwa maradhi yanayofagia kaya, wanayoyaita gemo: mgonjwa hutengwa nyumba yake, anahudumiwa na mtu aliyewahi kuugua akapona, miti miwili ya matete husimamishwa mlangoni kuwaonya wapitao, safari za kijiji kwa kijiji husimama, na marehemu huzikwa pembeni. Ukisoma orodha hiyo sambamba na ule mwongozo wa Shirika la Afya Duniani, utaona vinaelewana kwa mengi.

Msomaji wa Mapera au wa Mbinga mjini, kusini mwa Tanzania, anaweza kuuliza Gulu inamhusu nini. Inamhusu sana. Hospitali zetu ni za ukoo mmoja na Lacor: Litembo kule milimani, Liuli kwenye ufuko wa Ziwa Nyasa, Peramiho upande wa Songea, zote zilizoanzia kwa wamisionari, zote mbali na wizara. Masika yakishika, barabara za Umatengo ni utelezi mtupu, na kuna vijiji ambako mgonjwa bado anashushwa kilimani kwa machela, mabegani mwa wanaume wanaopokezana. Usiku wa Juni, baridi ikiwa imeingia hadi kwenye mifupa, nesi aliye zamu ndiye daktari, ndiye mfamasia, ndiye serikali nzima. Na ugonjwa wa ukoo wa Ebola tumeshaukaribisha bila kupenda: Marburg ilitangazwa Bukoba Machi 21, 2023, ikaua watu 6, mhudumu wa afya akiwa miongoni mwao, ikatangazwa tena Biharamulo Januari 2025. Huko kote aliyekutana nayo kwanza hakuwa profesa. Alikuwa mtu wa zamu, kwenye kituo cha afya, ambaye angeweza kuidhani malaria kama homa nyingine zote.

Turudi wodini, saa 11 ile ya alfajiri.

Lukwiya alivaa haraka. Buti, gauni, aproni, kofia, barakoa, glovu mbili. Miwani ya kinga hakuvaa. Hakuna anayejua kama aliisahau au aliona kuitafuta ni kumchelewesha Ajok. Yeye ndiye aliyekuwa akiwasisitizia wengine kila siku kuvaa kila kitu. Alimkuta Ajok amesimama akihema, damu imetapakaa. Akamshika, akamrudisha kitandani, akasaidiana na muuguzi kumsafisha na kubadilisha matandiko. Ajok alikata roho muda si mrefu baadaye. Wenzake Lukwiya waliokuja kutafakari wapi aliambukizwa, wengi wao wanataja alfajiri ile.

Naomba msomaji asimpite Ajok haraka. Alikuwa kijana wa kazi aliyeujua ugonjwa huu kuliko mgonjwa mwingine yeyote, kwa kuwa alikuwa ameuona kwa wengine hatua kwa hatua. Alijua damu ya puani inafuatiwa na nini. Alilala katika wodi aliyofanyia kazi, akisikia mlio wa buti za wenzake sakafuni, akawatambua kwa sauti tu, kwa kuwa nyuso zilifichwa. Mgonjwa wa kawaida huwa na faraja ya kutojua. Yeye hakuwa nayo hata chembe, na bado wiki zilizotangulia aliingia zamu.

Ijumaa Novemba 24. Kabla ya mapambazuko walikufa wahudumu watatu wa Lacor. Asubuhi habari ilienea hospitali nzima kufumba na kufumbua, na maji yakazidi unga. Wafanyakazi wapatao 400 walijaa kwenye ukumbi wa chuo cha uuguzi. Hawakutaka posho. Walitaka hospitali ifungwe. Walikuwa wakizika wenzao juma kwa juma, wakifika nyumbani majirani wanawakwepa, watoto wao hawachezi na wengine, na kinga yote waliyofundishwa haikuwa imewaokoa waliokufa. Sidhani kuna mtu mwenye haki ya kuwalaumu. Ujasiri usiokuwa na hofu ni wa hadithini; hawa waliogopa kwa sababu walikuwa na akili timamu.

Lukwiya alifika na kuongea nao. Aliwaambia kwamba hospitali ikifungwa, yeye ataondoka Gulu na hatarudi tena. Aliwakumbusha Ijumaa Kuu ya 1989, waasi walipokuja kuwachukua watawa naye akajitolea kwenda badala yao, akatembezwa porini kwa karibu juma zima. Mkutano ulikwenda saa kadhaa, watu wakilia, wakipaza sauti, wakijibizana naye. Mchana ulipokuwa unaelekea kwisha, ukumbi ulikuwa unaimba.

Kisha ikafika saa ya kupokezana, na zamu ya usiku ikaingia. Hicho ndicho kitendo kikubwa kuliko vyote katika mkasa mzima, na hakina hotuba. Baada ya maneno yote mtu alipaswa kutembea kutoka ukumbini, kupita uwanjani, kufika mlangoni pa wodi, na kuanza na buti za mpira.

Jumapili Novemba 26 jioni Lukwiya alijisikia vibaya, kama mafua. Jumatatu homa ikapanda. Wakajaribu kuamini ni malaria. Jumatano Novemba 29 majibu ya damu yakatoka: Ebola. Aliomba alazwe wodi ileile ya kutenga na kuhudumiwa kama mgonjwa mwingine yeyote. Wauguzi aliokuwa akiwahimiza ndio sasa waliomgeuza, waliomnywesha, waliomwandikia joto kwenye faili. Mkewe, Margaret, aliruhusiwa kumwona akiwa amevaa mavazi ya kinga kutoka juu hadi chini. Kulingana na waliokuwapo, Lukwiya alimwomba Mungu kwamba kama ni kufa, basi awe wa mwisho.

Pumzi ilipokuwa ngumu aliwekewa mashine ya kumsaidia kupumua, na kwa muda mfupi kulikuwa na matumaini. Kisha mapafu yakaanza kuvuja damu. Jumanne Desemba 5, saa 7 na dakika 20 usiku, alifariki. Alikuwa na miaka 43 na watoto watano. Alizikwa ndani ya hospitali, kando ya kaburi la Lucille Teasdale, daktari wa upasuaji kutoka Kanada aliyefika Lacor mwaka 1961 pamoja na daktari mwenzake Piero Corti, akaijenga hospitali ile, akaambukizwa virusi vya Ukimwi akiwapasua majeruhi wa vita, akafariki mwaka 1996. Kwa hiyo makaburi hayo mawili ni ya watu waliouawa na kazi yao.

Lacor ilipoteza wahudumu zaidi ya 10. Miongoni mwao Simon Ajok, Grace Akullo, Sista Pierina Asienzo. Tukitaja jina la Lukwiya, na hayo yatajwe kwa pumzi hiyohiyo.

Februari 27, 2001 mlipuko ulitangazwa kwisha. Waliougua Uganda nzima walikuwa 425, waliokufa 224. Maana yake waliopona ni 201, na hao hawakupona wenyewe: kila mmoja alinyweshwa na mtu, alifutwa na mtu, alichomwa dripu na mkono uliotetemeka ndani ya glovu mbili. Wengi walirudi vijijini wakakuta nguo zao zimechomwa moto, wengine na nyumba, na majirani hawataki kuwapa mkono. Baadhi ya waliopona walikuwa wauguzi. Wapo waliorudi wodini.

Virusi vile vya aina ya Sudan vimerudi Uganda tangu hapo. Mwaka 2022 vilianzia Mubende na kuua wahudumu wa afya 7 waliothibitishwa. Januari 30, 2025 mlipuko mwingine ulitangazwa Kampala, na mgonjwa wa kwanza kujulikana alikuwa, tena, muuguzi: mwanaume wa miaka 32 wa Hospitali ya Mulago, aliyezunguka kutafuta tiba sehemu mbalimbali kabla ya kufariki. Safari hii kulikuwa na jambo ambalo Ajok hakulipata. Dozi za chanjo ya majaribio zilikuwa zimeshahifadhiwa nchini kwa ajili ya siku kama hiyo, na Februari 3, miaka 100 na siku moja tangu dawa ya Nome ifike, watu waliokuwa karibu na marehemu, wahudumu wenzake wakiwamo, walianza kuchanjwa. Siku 4 tu baada ya kutangazwa.

Chanjo hiyo bado ni ya majaribio. Ikithibitika, na ije Biharamulo, na ije Litembo na Liuli, na foleni ianze na wale wa zamu ya usiku.